Wenye Miguu Minane Kwenye Nyanya Zangu

Jumatatu, 14 Julai 2025

Nimeamka na wazo. Mke wangu akiniona nimeamka na wazo huenda kuangalia kama kuku wake wako salama. Leo pia alienda.

Wazo lenyewe ni hili. Apolonia, mwenye mgahawa unaolisha wachimbaji kule Bulyanhulu, anatafuta mkulima wa kumpelekea nyanya kiangazi chote. Mmoja tu. Ametuma ujumbe kwamba mwanzoni mwa Agosti atakuja hapa Kagongwa mwenyewe, aone bustani, achague. Bustani za maana huku bondeni ni mbili: yangu, na ya Bhoke, jirani yangu ng'ambo ya mfereji.

Lazima nishinde. Shamba hili ni la Serafina, mke wangu, aliachiwa na mama yake. Siku zote alilima viazi, akavikata na kuvikausha kuwa michembe, tukala. Mimi ndiye niliyemwomba ang'oe viazi tupande nyanya. Aliniangalia kwa muda mrefu. Kabla ya nyanya nilikuwa broka wa dhahabu, na kabla ya dhahabu nilifuga sungura, na yote mawili anayakumbuka vizuri. Mwisho akasema, "Haya, Baba Blessing. Ila viazi havijawahi kunilaza njaa."

Nyanya zimestawi. Tatizo ni inzi weupe. Ukitikisa mche wanatimka kama unga. Bhoke anao wachache, na juu ya majani yake wanatembea mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi, kama wako kwao. Nimemuuliza kwa nini hawaui. Amesema hawajamkosea. Mkulima wa namna hiyo nitamshinda mapema.

Nimenunua dawa ya wadudu kule Nyasubi, kwenye duka la pembejeo. Muuzaji ameeleza kipimo kwa bomba moja. Nimemsikiliza kwa heshima. Nitaongeza maradufu.

Alhamisi, 17 Julai

Sijawahi kuona kitu kama hiki.

Nilipulizia asubuhi upepo ukiwa umetulia. Sikungoja sana. Inzi mmoja mweupe alitaka kuruka, akaanza kutetemeka. Mabawa yakawa yanapiga bila kumpeleka popote. Miguu nayo ikacheza kila mmoja kivyake, kama imegombana. Kisha akaanguka. Wakafuata wengine, kimya kimya, mpaka udongo ukawa mweupe chini ya miche. Nilisimama na bomba mgongoni, mdomo wazi. Serafina akaniambia nifunge mdomo, dawa bado inaelea hewani. Hakuwa na ubaya, ila alinikatiza wakati mzuri.

Wamekufa pia mbawakawa wekundu waliokuwa upande wangu, na buibui wadogo, na vitu vingine nisivyovijua. Bustani ni tupu, safi kama meza ya kanisani.

Nimemwita Bhoke aje mferejini aone. Alitazama. Akasema yeye hupulizia pale tu anapoona pamezidi, tena kwa kipimo cha muuzaji. Nikamwambia ndiyo maana atabaki mkulima mdogo. Alirudi kupalilia.

Jumapili, 27 Julai

Majani yamepata vidoa. Vidogo mno, vyeupe, vingi, kama mtu amechoma kila jani kwa sindano. Ya chini yameanza kuwa rangi ya shaba.

Nilidhani ni vumbi. Malori ya mgodini yanapita barabara ya juu na kiangazi hiki yanatumwagia nusu ya barabara. Nikafuta majani machache kwa kitambaa. Vumbi likatoka, vidoa vikabaki.

Kisha nikamshuku Bhoke. Nimechungulia kwake nikijifanya natafuta kuku. Majani yake ni ya kijani, mabichi, hayana neno. Hilo likanipa uhakika kwamba anahusika.

Serafina baada ya ibada alikuja akageuza jani. Akasema kuna utando wa buibui upande wa chini. Nikamweleza kwamba buibui nimewaua wote. Akasema basi kuna mtu anasuka.

Nimepulizia tena. Safari hii sikupima.

Jumanne, 29 Julai

Leo nimeona nchi nyingine.

Dawa haikufanya kitu. Vidoa vimeongezeka, utando umepanda mpaka vichwani mwa miche. Nikakumbuka lenzi yangu ya ubroka, ile ya kubana jichoni ukikagua chembe za dhahabu. Nikachuma jani, nikaligeuza, nikalileta karibu.

Sijui nianzeje. Upande wa chini wa jani ni kama mbuga. Vinyweleo vimesimama kama miti, kuna mabonde, kuna mito, na kila mahali wanatembea. Wa kijani kilichopauka, miili ya mviringo, kila mmoja na doa jeusi kila ubavu, kama amebeba mizigo miwili. Bila lenzi ni vumbi tu. Kwa lenzi nikamwona mmoja amezamisha mdomo kwenye jani na anafyonza, na pale alipofyonza panabaki tundu jeupe. Kumbe kila kidoa ni mlo wa mtu. Kati yao kuna mayai, duara kamili, maangavu, ungesema shanga za kioo. Na juu ya yote wametandaza nyuzi, nyembamba kuliko chochote nilichowahi kukiona, wanapita juu yake kama mafundi juu ya paa.

Nimeshika dhahabu mara nyingi. Hakuna dhahabu iliyonifanya nikae chini. Leo nilikaa chini, kwenye matope.

Nikafanya jaribio. Nilimkamata inzi mweupe upande wa mferejini, nikamweka kwenye jani pamoja nao. Nikachovya unyasi kwenye dawa, nikadondosha kidogo. Inzi akatetemeka, akafa. Wale wengine walilowa. Mmoja alisimama. Nikasema kwisha habari yake. Akanyanyua mguu, akauweka mbele, akaendelea na safari, akapita juu ya maiti ya inzi na kuanza kufyonza upande wa pili.

Nilibaki namwangalia mpaka Serafina akaja kuuliza kama naumwa. Nikampa lenzi. Naye alikaa chini. Tulikaa matopeni wote wawili, tunapokezana, kama watu wanaoangalia mpira. Ndiye aliyehesabu miguu. Akasema, "Huyu ana minane. Inzi ana sita." Nikasema mguu ni mguu. Akasema hata hivyo atampigia simu bibi shamba.

Jioni jua likiwa bado juu nilipata wazo. Kama mimi ninao, haki ni Bhoke naye awe nao. Nilikata matawi yaliyojaa, nikavuka mfereji wakati amekwenda kisimani, nikayakung'uta juu ya nyanya zake za ukingoni. Apolonia akija atakuta bustani mbili zinazofanana. Hapo atachagua kwa kuangalia sura ya mkulima.

Alhamisi, 31 Julai

Klara, bibi shamba wa kata, amefika kwa pikipiki. Binti mdogo, angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, nikamweleza kwamba dawa niliyouziwa ni feki na nataka aandike hivyo.

Akaomba kuiona. Akasoma kibandiko chote, hata maandishi yale madogo ambayo mimi nilidhani ni urembo. Akasema dawa ni nzima kabisa. Kosa ni kwamba inaua wadudu, na hawa si wadudu.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alichuchumaa, akageuza jani, na nikaona uso wake umechangamka kama mtu aliyekutana na ndugu. Akasema wanaitwa utitiri. Ndugu zao ni buibui na kupe, ndio maana miguu ni minane. Mdudu ana miguu sita. Nikamwangalia Serafina. Serafina alikuwa anaangalia mbali, kwa adabu.

"Baba," Klara akasema, "mwili wa kila kiumbe hutumiana habari kwenye mishipa ya fahamu. Habari ikifika, inapokelewa, inaisha. Hii dawa yako inakwenda kukaa pale pa kupokelea. Mdudu anapata habari isiyokwisha. Ndiyo maana anatetemeka mpaka anakufa."

Nikasema huyo nimemwona.

"Sasa utitiri naye ana pa kupokelea. Ila kwake pameumbwa tofauti kidogo. Dawa inafika, haishiki vizuri. Inapita."

Nikauliza ni tofauti ndogo kiasi gani. Akasema ndogo kuliko kitu chochote ambacho lenzi yangu inaweza kuonyesha. Kuna mlango mdogo kiasi hicho ndani ya kiumbe kidogo kiasi kile, na mtu fulani mahali fulani amelijua umbo lake. Na mimi kazi yangu ilikuwa kuongeza maradufu.

Akaendelea. Dawa za utitiri ziko nyingine, za namna mbalimbali. Ipo inayozima nguvu ndani ya mwili, kama mtu anayezima jenereta kwenye duara la kuchimbia dhahabu: kila kitu kipo ila hakuna kinachozunguka. Ipo inayozuia mayai yasianguliwe na watoto wasikue, na hiyo haiwagusi wakubwa. Kwa hiyo huwezi kuchagua dawa kwa ukubwa wa chupa. Tena hukai na moja tu, maana wachache watakaopona ndio watakaozaa, na watoto wao wataizoea.

Nikauliza kwa nini kabla sijapulizia sikuwa na utitiri hata mmoja. Akasema nilikuwa nao, wachache, na nilikuwa na walinzi. Akainuka, akavuka mfereji. Bhoke akamkaribisha. Mimi nikafuata nyuma taratibu, kwa sababu Klara alikuwa anaelekea moja kwa moja kwenye nyanya za ukingoni.

Akanipa lenzi. Nikaangalia. Wangu walikuwepo, wale niliowakung'uta. Walikuwa wanaliwa. Mbawakawa mwekundu mmoja alikuwa anawafuata mmoja mmoja bila haraka. Na kulikuwa na kingine, chenye miguu minane vilevile, kidogo hivyohivyo, rangi ya chungwa, kinang'aa, kinakimbia kama pikipiki za Bulyanhulu. Kilimshika utitiri, kikamfyonza, nikaona rangi yake inabadilika tumboni. Klara akasema huyo naye ni utitiri, ila ni wa jamii inayokula wenzake. Hawa ndio niliowaua wiki mbili zilizopita, pamoja na buibui: wao hula mawindo yenye sumu, na kipimo cha maradufu hakiwaachi. Nikaacha bustani haina mlinzi, wakabaki wale ambao dawa haiwashiki. Na wako watafiti walioona kwamba hao waliobaki wakipuliziwa dawa za namna hiyo, wakati mwingine hutaga zaidi.

"Kwa hiyo nimewafuga," nikasema.

"Umewafuga, baba."

Bhoke akashangaa utitiri umefikaje ukingoni kwake tu. Klara akasema huweza kusafiri kwa upepo, huning'inia kwenye uzi wake na kupeperushwa. Nikasema upepo wa juzi ulikuwa mkali sana. Serafina akaniangalia. Juzi hapakuwa na upepo.

Amri za Klara: ning'oe na kuchoma mistari iliyokwisha. Iliyobaki niipulizie dawa ya utitiri, kipimo cha kibandiko, chini ya majani maana ndiko wanakoishi, nikiwa nimevaa glavu, buti na barakoa. Nisiguse tena dawa ya wadudu. Na nyanya yoyote iliyopuliziwa isiuzwe wala kuliwa kabla siku zilizoandikwa kwenye kibandiko hazijaisha.

Tumeng'oa leo leo. Serafina alikuwa anang'oa na hasemi kitu. Nyanya zilikuwa bado zimening'inia. Ni afadhali angenitukana.

Jumapili, 3 Agosti

Apolonia amekuja. Nilijiandaa.

Sehemu ya mistari iliyong'olewa niliifunika kwa chandarua na kupanga kusema ni kitalu. Mistari iliyobaki niliimwagia maji alfajiri ili majani yang'ae. Nyanya zilizoiva nikazifuta kwa mafuta ya alizeti. Dawa ya utitiri nilikuwa nimepulizia jana yake. Hilo nilipanga kutolisema.

Apolonia ni mama mnene, mpole, anayetembea polepole na kuona kila kitu. Alipofika mstari wa tatu utando ukamshika kwenye kilemba. Akauvuta, ukarefuka. Akauliza hii nini. Nikasema ni dalili ya udongo wenye rutuba. Akachuma nyanya, akainusa, akaisugua kwenye kitenge, akaifikisha mdomoni.

Serafina akamshika mkono.

"Usile, mama. Zimepuliziwa jana. Mistari yote. Siku zake hazijaisha."

Lori likapita barabara ya juu, nikalishukuru kwa kelele zake. Apolonia akaniangalia, akaishusha ile nyanya taratibu na kumpa Serafina. Akasema ana vijana wengi wanaokula kwake kabla ya kushuka chini. Akasema wanabeba roho zao mikononi kila siku na hawajui kama watarudi, basi angalau chakula chake kisiwe jambo la kuhofia. Akamshukuru mke wangu kwa jina lake, si kwa jina langu. Kisha akavuka mfereji.

Bhoke ndiye amechaguliwa.

Nilitaka kukasirika. Nilimfuata Serafina jikoni nikiwa na maneno. Alikuwa ameketi, ameshika ile nyanya ya mafuta ya alizeti, anaigeuzageuza. Akasema, "Angekula, Masalu. Aliifikisha mdomoni." Hajaniita Masalu tangu tuoane.

Jumamosi, 16 Agosti

Majani mapya.

Dawa ya utitiri imefanya kazi kwa namna yake, bila fujo. Hakuna aliyetetemeka. Siku ya kwanza walitembea, baadaye wakatembea polepole, baadaye wakasimama, kama mashine inayoishiwa mafuta. Nilikaa na lenzi kila siku. Inatia hofu kidogo, na inatia heshima. Sumu mbili, zote zinaonekana kama maji yenye maziwa. Moja inamfanya kiumbe asiweze kutulia. Nyingine inamfanya asiweze kuendelea. Na kila moja inamjua wa kwake.

Jana Bhoke alikuja mwenyewe. Apolonia anahitaji nyanya nyingi kuliko alizonazo, na amemwambia akague zangu, zikiwa salama aongezee humo. Nikamuuliza kwa nini anisaidie. Akasema hanisaidii mimi, anamsaidia Mama Blessing. Akaongeza kwamba ule mwezi uliopita alikuta matawi ya nyanya zangu kwenye mfereji, yamekatwa kwa kisu, na yeye anajua upepo haubebi kisu. Nilitafuta pa kuangalia. Akaniachia muda wa kutafuta, kisha akanipa kopo lenye matundu. Ndani mlikuwa na mbawakawa wekundu, wanatambaa.

Nikamshukuru. Sauti ilitoka ndogo.

Serafina amewaachia mwenyewe, mmoja mmoja, kwenye miche. Mmoja alipanda mpaka ncha ya kidole chake, akafungua mgongo wake mwekundu kama mlango wa kabati, akatoa mabawa yaliyokunjwa ndani, akaruka. Serafina akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomsikia akicheka shambani.

Siku za kibandiko zimeisha. Tumekula nyanya zetu leo, kwa ugali na dagaa.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimeamka na mawazo mengi, yote mazuri.

Nimekuwa mtu mwingine. Sasa nikipita kwenye bustani ya mtu nageuza majani na kumweleza tofauti ya sita na minane. Jana baada ya ibada niliwaeleza wazee watatu, na mmoja aliniuliza kama nimesomea kilimo chuoni Ukiriguru. Sikukataa moja kwa moja.

Mbawakawa wangu nimewapa majina. Nawapenda. Ndiyo maana nilichokiona leo asubuhi kimeniumiza. Sisimizi wamepanda kwenye miche ya mwisho, kundi zima, wanalinda vidukari wao, vile vidudu wanavyovikamua utomvu mtamu, na mbawakawa akikaribia wanamvamia, wanamuuma miguu, wanamfukuza. Mmoja nimemwona ameanguka chali. Nimemgeuza kwa unyasi.

Haiwezekani nikae tu. Klara ameenda Kahama kwenye mkutano, na Serafina yuko kwa Bhoke wanafunga matenga ya Apolonia, kwa hiyo uamuzi ni wangu. Nimehesabu miguu ya sisimizi kwa lenzi, kwa makini, kama mtaalamu. Ni sita. Kwa hiyo ni mdudu kamili, na dawa yake ninayo, chupa bado ina nusu, mvunguni mwa kitanda.

Nitapulizia bustani nzima leo kabla Serafina hajarudi, maana sisimizi hujui wamefika wapi. Mbawakawa wangu nawaacha hapohapo kwenye majani, wasisumbuliwe. Dawa ni ya wadudu, na wale ni walinzi.